Shajara ya mradi: swichibodi moja, njia tatu za kutokea (ofisi ya forodha, Kigoma)

Jumatatu

Ofisi ni ya wakala wa forodha na usafirishaji, iko mteremko wa kuelekea bandarini, Kigoma mjini. Kazi yao kubwa ni mizigo inayofika kwa reli na malori kutoka Dar es Salaam, kisha kuvuka ziwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Kutwa nzima simu zinakwenda pande mbili: Dar kwa mawakala wa meli, na ng'ambo ya Tanganyika kwa wenye mzigo. Wateja wa Kongo na Burundi wenyewe wanapenda WhatsApp, ila benki na ofisi za serikali hawaongei na mtu huko. Wanataka namba ya ofisi, ipokelewe, kisha wahamishiwe kwa mhusika.

Tulichokikuta: waya mmoja wa shaba wenye namba ya 028, simu za mezani za IP ambazo hadi sasa zilikuwa za kuitana chumba kwa chumba, na kompyuta ndogo tuliyoisimika Asterisk. Hii ni programu ya swichibodi ya simu, aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, haina ada, na sasa inatunzwa na Sangoma. Tumeweka toleo jipya, na hilo lina gharama yake: tangu toleo la 21 moduli ya zamani ya chan_sip, iliyokuwa ikishughulikia SIP (lugha ya kupanga simu kwenye intaneti), imeondolewa kabisa, kwa hiyo maelekezo mengi yaliyozagaa mtandaoni hayafai tena. Kila kitu sasa ni PJSIP, moduli iliyochukua nafasi yake.

Mzee mwenye ofisi alieleza anachotaka kwa sentensi moja: "Kijana, sitaki kampuni moja ikilala na mimi nilale."

Mpango tuliokubaliana: mtoa huduma wa kwanza wa simu za intaneti yuko Dar, atabeba simu za ndani ya nchi. Wa pili ana mkataba hapa nchini lakini seva yake imekaa Ulaya, na bei zake za 243 (Kongo), 257 (Burundi) na 260 (Zambia, kwa ajili ya Mpulungu) ni nafuu kuliko za wa kwanza. Waya wa shaba unabaki kama njia ya tatu, kupitia kisanduku kidogo kinachogeuza laini ya kawaida kuwa SIP.

Mpwa wa mzee alipendekeza kisanduku cha kuchomeka kadi za simu, kila mtandao kadi yake. Nimekataa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imekuwa ikipambana na visanduku hivyo kwa muda mrefu kwa sababu hutumika kuficha simu za kimataifa, na ofisi inayoishi kwa leseni ya forodha haina sababu ya kwenda kujieleza.

Niseme mapema ninavyoiona kazi hii. Kumwongeza mtoa huduma kwenye Asterisk ni mistari michache ya faili. Kazi yenyewe ni kuamua simu ipi itoke wapi, ikikwama ihame lini, na aliyepigiwa aone namba gani.

Jumanne

Mhasibu ameuliza kama intaneti itatosha. Hesabu ni hii: kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 hukata sauti vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kwa sekunde. Kila pakiti ina baiti 160 za sauti, na juu yake baiti 40 za maelekezo ya njia: 20 za IP, 8 za UDP, 12 za RTP. Baiti 200 mara 50 mara 8, unapata kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, bado hujaweka kinachoongezwa na Ethernet. Simu kumi kwa mpigo ni kilobiti 800. G.729, kodeki nyingine inayobana sauti zaidi, hubeba baiti 20 tu za sauti kwa pakiti, kwa hiyo inashuka hadi kilobiti 24, ila zile baiti 40 za maelekezo haziondoki. Theluthi mbili ya pakiti haina sauti ndani yake.

Intaneti ya fiba ya ofisi inatosha na kubaki. Tatizo ni upande wa kupandisha. Karani akianza kupakia skani za hati za mzigo kwenye mfumo wa forodha, sauti inakatakata, na aliye upande wa pili anabaki "halo? halo?" Tumezipa pakiti za sauti alama ya kipaumbele, DSCP 46, na kuiambia ruta izitoe kwanza. Alama peke yake ni mapambo kama ruta haikuambiwa iisome.

Kwa mtoa huduma wa Dar tutatumia G.711 ya A-law. Kwa yule wa Ulaya tunatanguliza G.729, kwa sababu siku fiba ikikatika tutakuwa kwenye modemu ya 4G. Hataza za G.729 ziliisha 2017. Simu zetu za mezani zinaijua, hivyo Asterisk inaipitisha bila kuitafsiri.

Alhamisi

Watoa huduma hawa wawili hawatambui wateja kwa njia moja. Wa Ulaya anataka tujisajili: swichibodi inatuma jina na nywila, seva inajibu 401 (yaani thibitisha kwanza), swichibodi inarudia na uthibitisho, inapokelewa. (Hiyo 401 ya kwanza ni ya kawaida. Kijana wa tehama wa ofisi alishtuka kuiona kwenye logi.) Wa Dar hataki nywila. Anataka anwani ya IP isiyobadilika, aiandike kwake, na chochote kitakachotoka kwenye anwani hiyo ni sisi.

Hapo ndipo tulipokwama. Ruta upande wa nje ilikuwa na anwani inayoanza na 100.64. Fungu hilo, hadi 100.127, limetengwa kwa makampuni ya intaneti kuwabananisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kwa kujisajili unaweza kuponyoka, maana wewe ndiye unayeanza mazungumzo. Kwa mtoa huduma anayekutambua kwa anwani, haiwezekani: anwani anayoiona si yako peke yako, na simu inayoingia haina mlango wa kugonga.

Barua ya kuomba anwani ya umma imekwenda. Tunasubiri.

Ijumaa

Wa Ulaya amejisajili. Simu ya kwanza ya majaribio kwenda Bujumbura ikaita, ikapokelewa, sisi tunamsikia, yeye hatusikii. Ugonjwa huu kila fundi wa simu za intaneti anaujua, na wengi hukimbilia kuzima na kuwasha ruta. Mimi huangalia kwanza ujumbe wenyewe unaotoka. Ndani ya maelezo ya sauti kulikuwa na mstari huu:

c=IN IP4 192.168.10.5

Maana yake swichibodi inamwambia mwenzake aliyeko Ulaya: sauti yako nitumie kwenye 192.168.10.5. Hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi. Ni sawa na kumwelekeza mgeni aliyeko ughaibuni kwamba nyumba yako ni ya tatu baada ya mwembe, bila kumtajia mji. Kwa kawaida kosa hili huziba sauti inayorudi kwetu, lakini hapa mambo yalikuwa kinyume: tulikuwa tunasikia. Seva ya wenzetu ilipuuza mstari ule na kurudisha sauti kule ilikotokea ya kwetu. Sasa kwa nini wao hawatusikii?

Jibu lilikuwa kwenye ruta. Ilikuwa na kipengele cha SIP ALG, kimewashwa tangu kiwandani, kinachojifanya kusaidia kwa kuandika upya ujumbe wa SIP njiani. Kilikuwa kinabadilisha namba ya poti ya sauti kwenye jibu la upande wa pili, na sauti yetu ikawa inapelekwa kwenye poti ambayo hakuna anayeisikiliza. Tumekizima. Kisha tumeiambia Asterisk anwani yake ya nje kwa external_media_address na external_signaling_address, tukaitajia na mtandao wa ndani kwa local_net ili simu za chumba kwa chumba zisizungushwe nje. Pia direct_media=no, simu za mezani zisijaribu kutumiana sauti na Ulaya zenyewe bila kupitia swichibodi.

Bujumbura sasa inasikika kama iko Mwanga, hapa hapa Kigoma.

Jumatatu iliyofuata

Anwani ya umma imepatikana. Mtoa huduma wa Dar ameiandika kwake, na sisi tumeandika za kwake kwenye sehemu ya identify, inayomtambua mpigaji kwa anwani yake. Bila sehemu hiyo Asterisk hukataa simu zinazoingia kwa kusema haimjui mpigaji, hata kama zinazotoka zinakwenda vizuri.

Kwa wa Ulaya kuna kisa kingine. Ofisi ina akaunti mbili kwake, moja ya idara ya mizigo na moja ya uhasibu, ili ankara zije tofauti. Zote zinatoka seva moja, anwani moja. Simu za uhasibu zikawa zinaangukia mizigo, kwa sababu Asterisk ikitambua kwa anwani huchukua ya kwanza inayofanana. Dawa: kwenye usajili wa kila akaunti tumeweka line=yes pamoja na jina la endpoint yake (maelezo ya akaunti hiyo ndani ya Asterisk). Asterisk inaongeza alama ya siri kwenye anwani inayojisajili nayo, na simu ikirudi na alama hiyo inajulikana ni ya akaunti ipi. Utambuzi wa anwani kwa akaunti hizo mbili tumeuondoa.

Jumanne: namba

Hapa nimetumia muda mwingi kuliko kokote, wala sijutii. Watu wa ofisi hii hupiga kila mtu kwa mtindo wake. Mmoja anaanza na 07, mwingine anabonyeza namba kutoka kwenye simu yake ya mkononi yenye +255, mzee anapiga 000 kwa nje ya nchi kama alivyozoea, na karani mwenye ndugu Nairobi anatumia 005, ile njia ya mkato ya Kenya (Uganda ni 006). Upande wa pili, mtoa huduma wa Dar anataka 255 bila alama ya kujumlisha, wa Ulaya anataka alama ya kujumlisha, na waya wa shaba unaelewa namba zinazoanza na sifuri tu.

Ukijaribu kulinganisha kila mtindo wa mpigaji na kila mtoa huduma, unapata msitu. Nilichofanya: chochote atakachobonyeza mtu kinageuzwa kwanza kuwa umbo moja la kimataifa, la E.164, ambalo halizidi tarakimu 15. Maamuzi yote yanafanyika kwenye umbo hilo. Pale simu inapotoka tu ndipo namba inavalishwa anavyotaka mtoa huduma husika. Akija wa nne kesho, anaandikiwa mavazi yake tu.

Mhasibu aliomba pia simu za kila mtandao wa mkononi zigawanywe kwa tarakimu za mwanzo ili kubana bei. Nimemweleza kwamba tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo 075 haikuhakikishii tena mwenyewe yuko mtandao gani. Ameelewa, ingawa bila furaha.

Za dharura, 112 na 114, zinaanzia kwenye waya wa shaba, wala haziguswi na kanuni za bei. Simu ya moto ikitokea kwa mtoa huduma wa Dar inaweza kupokelewa Dar.

Alhamisi: kuhama njia

Kanuni rahisi ambayo watu wengi huandika ni: ikishindikana njia ya kwanza, jaribu ya pili, kisha ya tatu. Ni kanuni mbaya. Mteja wa Kalemie akiwa anaongea na simu nyingine, seva inarudisha 486 (anaongea), na swichibodi yenye kanuni hiyo itampigia tena kwa njia ya pili, kisha ya tatu, akute simu tatu zilizokosa kujibiwa kutoka namba tatu asizozijua. Atadhani ni matapeli.

Tunachohamisha ni hitilafu ya njia, si jibu la mtu. BUSY (anaongea) na NOANSWER (hapokei) zinaishia hapo hapo. CHANUNAVAIL (njia haipatikani) na CONGESTION (njia imejaa au imekataa) ndizo zinazostahili njia nyingine, na hata hizo hazitoshi peke yake, kwa sababu namba isiyokuwepo nayo inaweza kurudi na sura hiyo hiyo. Kwa hiyo tunasoma na HANGUPCAUSE, namba ya sababu ya simu kukatika: 1 ni namba haipo, mwambie mpigaji, acha. 17 anaongea, acha. 34 hakuna njia iliyo wazi, hama.

Kisha suala la muda. Seva isipojibu kabisa, SIP kwa kanuni zake husubiri sekunde 32 kabla ya kukata tamaa. Hakuna karani wa forodha atakayekaa na kimya cha sekunde 32 sikioni. Tumewasha qualify_frequency, ambayo bila kuguswa ni sifuri, yaani haiulizi kabisa. Sasa kila sekunde 30 swichibodi inamuuliza kila mtoa huduma "upo?", na asiyejibu anarukwa mara moja mtu akipiga. Faida ya ziada ni kwamba maulizo hayo yanaiweka njia ya kwenye ruta wazi muda wote.

Mtego ulionishangaza zaidi ni wa salio. Mtoa huduma mmoja, salio likiisha, hakatai simu. Anaipokea na kumsomea mpigaji tangazo kwamba salio halitoshi. Kwa swichibodi simu hiyo imefanikiwa, imejibiwa kabisa, hakuna cha kuhama. Hakuna kanuni ya upigaji inayoliona hilo. Tumeweka taarifa ya barua pepe salio likishuka chini ya kiwango, iende kwa mhasibu na kwa mzee, maana mhasibu peke yake akiwa likizo tumekwisha.

Ijumaa

Kuchomoa kebo ya fiba ni jaribio la maonyesho. Kila kitu kinakufa kwa pamoja, unahamia 4G au shaba, watu wanapiga makofi. Hitilafu nyingi haziji hivyo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na kwa saa nyingi intaneti ya hapa nchini ilikuwa inachechemea. Fiba ya ofisini ingekuwa hai siku ile, taa zote za ruta kijani, ila wa Ulaya hafikiki. Ndiyo hali tuliyoiigiza leo: kwenye ukuta moto nimezifunga anwani za mtoa huduma wa Ulaya tu, bila kumwambia mtu.

Simu za Dar ziliendelea kama kawaida kwa sababu sauti yake haitoki nje ya nchi. Za Kongo zilihamia kwa huyo huyo wa Dar, bei juu kidogo, sauti safi. Dada wa mapokezi hakujua kitu hadi nilipomwambia mchana. Akaniuliza kwa nini basi tunamlipa huyu wa Ulaya. Swali zuri, nimemwonyesha ankara za Kalemie.

Jumatatu: namba inayoonekana

Mtoa huduma wa Dar anakataa kwa 403 simu yoyote inayojitambulisha kwa namba asiyotupa yeye. Ni haki yake, na ndiyo inayozuia watu kujifanya benki. Kwa hiyo namba ya kuonyesha haiwezi kufungwa kwenye simu ya mezani ya mtu, inafungwa kwenye njia. Simu ikihama njia, namba inahama nayo. Aliyekosa simu akirudisha kwa namba yoyote kati ya tatu anaangukia mapokezi kule kule.

Mzee alitaka 028 ionekane kila mahali kwa kuwa imo kwenye mabango na kwenye mihuri. Kwa sasa itaonekana kwa simu za waya wa shaba tu.

Jumanne

Poti 5060, mlango wa SIP kwenye swichibodi, haikumaliza hata saa moja wazi kabla wageni hawajaanza kubisha: majaribio ya kujisajili kama 100, 101, 102, mengine yakijitambulisha kama "friendly-scanner". Hawa hawatafuti siri za forodha. Wanatafuta swichibodi ya kupigia usiku namba za ghali za nchi za mbali, wao wakigawana mapato na mwenye namba, wewe ukiletewa ankara. Sasa poti hiyo inasikia anwani za watoa huduma wetu tu. Simu za nje ya nchi ni kwa nchi tulizoziorodhesha, kwa ekstensheni chache, na zinafungwa saa moja jioni. Kwa wa Ulaya tumeomba kikomo cha matumizi kwa siku.

Jumatano

Menyu za benki hazikuwa zinasikia vitufe kupitia wa Ulaya. Sauti ya kitufe ikibanwa na G.729 inaharibika. Tumebadili vitufe viende kama pakiti zake zenyewe, kwa kufuata kiwango cha RFC 4733. Imekwisha.

Ijumaa

Radi ya jana jioni. Waya wa shaba unatoka nguzoni hadi ukutani bila kinga yoyote, na kisanduku chake kimeungua. Swichibodi imenusurika kwa kuwa iko upande wa pili wa kebo ya mtandao na UPS ina waya wa ardhini unaofanya kazi. Kisanduku kipya kimeagizwa Dar pamoja na kikinga radi cha laini ya simu. Kabla ya kuungua kilikuwa na tabia ya kushika laini baada ya mtu kukata, kwa sababu hakitambui mlio wa kumalizika simu. Hicho kipya tutakifundisha mlio wa hapa kabla ya kukifunga.

Kwa sasa 112 na 114 zinapitia mtoa huduma wa Dar, na nimebandika karatasi mapokezi yenye namba za moja kwa moja za polisi na zimamoto wa hapa mjini.

Yaliyobaki: mtoa huduma wa Dar atupe anwani ya seva yake ya pili, maana kwa sasa ana moja tu kwetu, na jibu la kama 028 inaweza kuhamishwa kutoka kwenye shaba kuja kwenye SIP. Mzee amesaini barua zote mbili leo saa nane.